Walinzi wa Mpaka: Habari za Vyama vya Wapima Ardhi, Wathamini na Madalali

Msomaji, ukisafiri kutoka mji wa Kericho kwa barabara iendayo Litein na Sotik, utaona nchi mbili zilizolala ubavu kwa ubavu. Ya kwanza ni nchi ya mashamba makubwa: michai imekatwa sawasawa kama zulia la kijani, ikapanda kilima na kushuka bonde bila kukatizwa na ua wala nyumba ya mkulima. Ya pili ni nchi ya vishamba: ekari mbili hapa, tano pale, kila kimoja na ua wake, na ndani yake michai kidogo, mahindi, majani ya ng'ombe na moshi wa jiko. Mvua inyeshayo juu ya nchi hizo ni moja. Kinachozitenga ni mstari tu, na mstari huo hauonekani juu ya ardhi ila pale ulipopandwa ua au ulipofukiwa jiwe. Makao yake ya kweli ni katika karatasi iliyowekwa ofisini.

Nani aliyeuchora mstari huo? Nani aliyempa idhini ya kuuchora? Na kama alikosea, au alidanganya kwa makusudi, nani awezaye kumwita na kumwuliza? Watu wengi wakiulizwa hivyo hujibu, "Serikali." Jibu hilo ni nusu ya kweli. Nusu ya pili ni habari ya vyama ambavyo wenye ujuzi wa ardhi wameviunda wenyewe ili wachungane wao kwa wao. Habari hiyo haisimuliwi sana katika vitabu vya historia, maana haina vita wala wafalme. Walakini, kwa mtoto wa Kericho au Bomet ambaye urithi wake wote ni ekari tatu za michai, pengine ina uzito kuliko habari za wafalme wengi.

Tuanze kabla ya karatasi. Wakipsigis wa zamani hawakuwa na ramani, lakini walikuwa na kokwet. Nyumba za ujirani mmoja zilihesabiwa kuwa kokwet moja, na mzee wao, aliyeitwa boiyot ab kokwet, aliongoza mashauri ya jirani na jirani. Malisho yalikuwa ya wote, na mtu alikuwa na haki juu ya shamba alilolilima. Ulipozuka ugomvi, wazee walikaa chini ya mti, wakawasikiliza walalamishi na mashahidi, wakatoa neno. Angalia, msomaji, nguvu iliyokuwamo katika desturi hiyo. Shahidi wa mpaka alikaa karibu na mpaka. Akisema uongo leo, kesho atakutana na jirani yake kisimani, na mwaka ujao atahitaji msaada wake wakati wa mavuno. Uongo wake ungemfuata mpaka mlangoni. Hapakuwa na haja ya chama cha mashahidi, kwa sababu ujirani wenyewe ulikuwa chama.

Mambo yakageuka ulipokuja mnyororo. Mnyororo wa mpima ardhi wa Kiingereza ulikuwa na urefu wa futi 66 na viungo 100, na eneo la minyororo 10 ya mraba ndilo ekari moja. Ni chombo cha busara kubwa, chenye kuigeuza nchi ya mabonde na vilima kuwa hesabu. Idara ya upimaji ya nchi hii ilianzishwa mwaka 1903, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kupima mashamba ya walowezi. Sheria za Ardhi ya Taji za mwaka 1902 na mwaka 1915 zilikuwa zimeifanya ardhi ya Waafrika kuwa kitu ambacho serikali ya kikoloni yaweza kukitoa kwa mwingine, na ile ya 1915 iliruhusu kukodisha kwa muda wa miaka 999. Mtu aliyezipima ekari hizo hakuwa jirani wa mtu yeyote. Alikuja, akapima, akaenda zake, na alama zake zikabaki.

Mfano mmoja watosha. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mwaka 1919, shirika la maafisa wa Kiingereza waliolemazwa vitani lilitengewa ekari 25,000 katika nchi ya Kericho ili lilime kitani. Bei ya kitani ikaanguka, na shirika hilo likafilisika baada ya muda mfupi. Mtu angedhani kwamba ardhi iliyokosa kazi ingerudi kwa watu walioondolewa juu yake. Haikurudi. Katikati ya miaka ya 1920 makampuni makubwa ya chai, Brooke Bond na James Finlay, yaliingia Kericho, na mashamba ya chai yakaenea. Watu wa ukoo wa Talai, viongozi wa mambo ya ibada kwa Wakipsigis, walihamishwa kwa nguvu wakapelekwa Gwassi, karibu na ziwa, chini ya sheria ya mwaka 1934 iliyotungwa kwa ajili yao tu.

Lishike jambo hili moyoni, msomaji, maana tutalirudia. Yawezekana kabisa kwamba wapima ardhi wa siku zile walikuwa hodari, na kwamba hesabu zao zilikuwa sahihi hata kiungo cha mwisho cha mnyororo. Usahihi wa kipimo na haki ya kupima ni mambo mawili.

Sasa twende mbali kidogo, hadi Uingereza kwenyewe. Katika karne ya kumi na tisa njia za gari moshi zilikuwa zikikata mashamba ya watu huku na huku. Kila ekari iliyochukuliwa ilitaka kupimwa na kuthaminiwa, na kesi zikawa nyingi. Lakini mtu yeyote mwenye mnyororo na maneno matamu aliweza kujiita mpima ardhi. Wale waliojua kazi yao waliona kwamba jina lao linachafuliwa na wasioijua. Basi mwaka 1868 walikutana London wakaanzisha chama chao, na mwaka 1881 chama hicho kikapewa hati ya kifalme.

Chama cha namna hiyo kina kazi nne. Ya kwanza ni kulinda mlango: asiyefanya mtihani na asiyekaa chini ya mkubwa wa kazi kwa muda fulani haingii. Ya pili ni kuweka miiko, kama vile kutochukua malipo kwa muuzaji na kwa mnunuzi kwa siri katika biashara moja. Ya tatu ni kuhukumu: mwanachama aliyevunja mwiko huitwa, husikilizwa, huonywa au hufukuzwa. Ya nne ni kufundisha, maana vyombo hubadilika, na aliyesoma habari za mnyororo ujana wake amelazimika kujifunza kupima kwa nyota za kutengenezwa na binadamu, yaani setilaiti, katika uzee wake. Zaidi ya hizo nne iko ya tano isiyotajwa kwa sauti kubwa, nayo ni kulinda mkate wa wanachama. Mlango uliowekwa kuwazuia wadanganyifu waweza pia kuwazuia maskini wenye akili. Kwa hiyo usikisifu chama kwa sababu ni chama tu. Kitazame kinamfungia nani mlango, na kwa sababu gani.

Desturi hiyo ililetwa Kenya pamoja na ukoloni. Wasanifu majengo na wakadiriaji wa gharama za ujenzi walitungiwa sheria yao katika miaka ya 1930, na chama cha mawakili kikapata sheria yake mwaka 1949. Sheria ya Upimaji ya mwaka 1961 iliweka bodi ya kutoa leseni kwa wapima ardhi. Mwafrika wa wakati ule aghalabu aliujua upimaji kwa kushika mwisho wa mnyororo, si kwa kutia sahihi chini ya ramani.

Lakini huku Kericho Wakipsigis walikuwa wakiandika historia yao wenyewe kwa nyua. Tangu miaka ya 1930, hasa upande wa Buret, watu walianza kuzungushia ua mashamba yao. Jembe la kukokotwa na ng'ombe lilikuwa limewawezesha kulima mahindi mengi, na wafanyakazi wa mashamba ya chai walihitaji unga. Malisho ya wote yakaanza kugawanyika. Wengine walifurahi na wengine waliona huzuni, maana aliyechelewa kuzungushia alikuta kwingi kumekwisha zungushiwa. Serikali ilipoleta mpango wa Swynnerton mwaka 1954, wenye kutaka kila mkulima awe na shamba moja lenye hati, hapa ilikuta nyua zimekwisha ota.

Mashamba mengi ya wenyeji katika Kenya yaliandikishwa kwa njia iitwayo ya mipaka ya jumla. Ramani zilichorwa kwa kutazama picha zilizopigwa kutoka angani, nyua zikionekana kama nyuzi nyeusi. Maana yake ni kwamba ramani yaonyesha shamba liko wapi na lapakana na nani, wala haiapi kwamba ua uko hapa hasa na si hatua moja kule. Sheria ya Ardhi Iliyoandikishwa ya mwaka 1963 iliifuata njia hiyo, na Sheria ya Uandikishaji wa Ardhi ya mwaka 2012 iliyochukua mahali pake imeishika. Ndiyo sababu hata leo ugomvi wa mpaka wa jumla haupelekwi mahakamani moja kwa moja. Kwanza msajili wa ardhi hutakiwa kuutazama na kuuamua, na kazi hiyo haifanyiki vizuri bila mpima ardhi mwenye mkono mwaminifu. Ua ukifa kwa kiangazi, au jirani akiulima kidogo kidogo kila msimu, ni ujuzi na uaminifu wa mtu mmoja utakaorudisha amani au kuleta mapanga.

Mwaka 1960 likaundwa shirika la serikali la mazao maalum, na mwaka 1964 mahali pake pakachukuliwa na shirika la kustawisha chai ya wakulima wadogo, lijulikanalo kwa herufi za KTDA. Mkulima wa Litein, Kapkatet au Mogogosiek, ambaye baba yake alikuwa akiitazama michai kwa upande wa pili wa ua wa kampuni, sasa akapanda yake. Kishamba kikawa mali. Na penye mali huja watu wa namna tatu: mwenye kupima, mwenye kutaja thamani, na mwenye kutafuta mnunuzi. Mpima ardhi, mthamini na dalali walianza kupanda milima ya Kericho.

Neno dalali lilikuja bara kutoka pwani, na watu wa pwani walilipata kwa Waarabu. Katika minada ya Mombasa na Unguja dalali alikuwa mtu wa kupaza sauti ya bei, akipokea fungu lake biashara ikitimia. Hakuna aibu katika kazi hiyo. Muuzaji asiyejua mnunuzi yuko wapi, na mnunuzi asiyejua shamba liko wapi, wote wawili humhitaji mtu wa katikati. Lakini mtu wa katikati ana mikono miwili, na mkono mmoja hauonekani na yule aliye upande wa pili.

Baada ya uhuru wenye ujuzi wa Kenya wakaanza kujikusanya upya. Chama cha wasanifu majengo kiliundwa mwaka 1967. Mwaka 1969 kikaundwa chama cha wapima ardhi na wenzao, kijulikanacho kwa herufi za ISK. Ndani ya chama hicho yamo matawi mbalimbali, likiwamo la wapima ardhi na la wathamini. Miaka kumi na mitano baadaye, mwaka 1984, Bunge lilitunga sheria mbili zilizokuwa dada: moja ya wathamini, nyingine ya mawakala wa nyumba na mashamba. Kila moja iliweka bodi ya kuandikisha. Sheria ya mawakala ilieleza kazi yao kwa maneno wazi: ni kumkutanisha mwenye kuuza, kupangisha au kukopesha na mwenye kununua, kupanga au kukopa, au kuzungumza masharti kwa niaba yao. Tangu hapo mtu afanyaye kazi hiyo bila kuandikishwa anavunja sheria.

Tazama jinsi mambo yalivyofungamana. Serikali ina bodi, na bodi ina nguvu ya sheria. Lakini bodi haiwezi kujua ni nani mthamini mzuri bila kuwauliza wathamini, kwa hiyo huutegemea uanachama wa chama kama alama ya ujuzi. Bodi bila chama ni hakimu asiyejua kazi anayoihukumu. Chama bila bodi ni mzee mwenye hekima asiye na fimbo.

Labda bado waona kwamba haya ni mambo ya ofisi za Nairobi. Basi tufuate ekari moja. Tuseme baba wa kijiji fulani cha Bomet ana ekari nne za ardhi iliyoandikishwa, na amekata shauri kuuza moja ili amlipie binti yake karo. Mnunuzi mwenye akili hatatoa shilingi hata moja kabla ya kwenda katika ofisi ya ardhi kutazama daftari, ndiko watu waitako kufanya sachi, ili ajue shamba lina jina la nani na kama limewekwa rehani. Mali bila daftari hupotea bila habari, na ardhi ndiyo mali ya kwanza katika mithali hiyo. Kisha mapatano yataandikwa, yatatiwa sahihi na kushuhudiwa, kwa maana tangu mwaka 2003 sheria ya Kenya haikubali mapatano mapya ya mdomo katika kuuza ardhi. Mke wa muuzaji atatoa ridhaa yake, kwa kuwa haki yake katika shamba la nyumbani inalindwa. Kisha watakwenda mbele ya bodi ya ardhi iliyowekwa na Sheria ya mwaka 1967. Ombi la kibali litapelekwa katika miezi sita, na bila kibali hicho sheria inayahesabu mapatano kuwa batili.

Hapo mpima ardhi mwenye leseni ataitwa aigawe ekari moja kutoka katika nne, aweke bikoni zake, na achore karatasi ya mgawanyo ambayo itabadili ramani. Mthamini atataja thamani, na juu ya thamani hiyo mnunuzi atalipa ushuru wa stempu: shilingi mbili kwa kila mia katika mashamba ya vijijini, na nne kwa mia katika viwanja vya mjini. Kisha jina jipya litaandikwa katika daftari.

Hesabu sasa mahali ambapo mambo yaweza kuharibika. Dalali asiyeandikishwa aweza kuonyesha shamba lisilo la mwenye kuuza, au kuuza ekari ile ile kwa watu watatu, kisha akavuka mto. Aweza kumwambia muuzaji bei moja na mnunuzi bei nyingine, akala tofauti. Mpima ardhi aweza kusogeza bikoni hatua mbili, na hatua mbili katika urefu wa shamba ni safu nyingi za michai. Mthamini aweza kupandisha thamani ili mkopo uwe mkubwa, na siku mkopaji atakaposhindwa kulipa, shamba litanadiwa kwa bei ndogo kuliko deni. Katika kila mfano huo baba yule hana ujuzi wa kumgundua mkosaji. Haoni kosa mpaka limekwisha kuwa hasara. Hapo ndipo ilipo sababu ya chama. Mnunuzi wa viazi aweza kuvishika na kuvitazama, bali mnunuzi wa ujuzi ananunua asichokiona, na hana budi kumwamini mtu. Kazi ya chama ni kuifanya imani hiyo isiwe upumbavu.

Je, vyama vyetu vimeitimiza kazi hiyo? Nitakuambia kweli, msomaji, maana historia isiyosema kweli ni tangazo la biashara. Mwaka 2003 serikali ya Kenya iliweka tume chini ya wakili Paul Ndung'u ichunguze jinsi ardhi ya umma ilivyogawiwa watu kinyume cha sheria. Taarifa yake ya mwaka 2004 ilionyesha kwamba misitu, viwanja vya shule na ardhi za barabara zilikuwa zimenyakuliwa katika nchi nzima. Tena ilionyesha kwamba wanyakuzi hawakuifanya kazi hiyo peke yao. Walisaidiwa na watu wenye ujuzi: mawakili, wapima ardhi, wathamini, wapangaji miji, wasajili wa ardhi, mawakala na watu wa benki. Kikulacho ki nguoni mwako. Kila hati ya uongo ilikuwa na ramani iliyochorwa vizuri, thamani iliyokadiriwa kwa ustadi, na sahihi ya mtu aliyefaulu mtihani.

Kwa nini vyama havikuwazuia? Mithali yetu husema kinyozi hajinyoi. Mwanachama anayemhukumu mwanachama mwenzake humhukumu mtu waliyesoma pamoja, wanaogawana kazi, na ambaye kesho huenda akakaa katika kiti cha kumhukumu yeye. Tena aliyetoa amri ya kupima mara nyingi alikuwa mtu mkubwa serikalini, na chama kinachopokea nguvu zake kutoka serikalini ni vigumu kusimama mbele ya mtu huyo. Na iko sababu ya tatu iliyo karibu zaidi na vijiji vyetu. Bodi na chama vinamtawala aliyeingia mlangoni, bali dalali wa sokoni hajaingia popote. Ofisi yake ni simu yake na kivuli cha duka. Hawezi kufukuzwa katika chama asichokuwamo. Mwaka 2009 sheria ya kuzuia fedha za uhalifu iliwatia mawakala wa nyumba na mashamba katika orodha ya wanaopaswa kutoa habari za biashara zenye shaka, na mwaka 2023 mswada mpya wa kuisimamia biashara hiyo uliletwa katika Seneti. Lakini sheria huandikwa mjini, na ua huhamishwa kijijini usiku.

Baada ya kusema hayo, usiruke ukasema kwamba vyama havina maana. Fikiri kinyume chake. Tume ya Ndung'u iliweza kusema "mpima ardhi huyu alikosa" kwa sababu palikuwa na kanuni ya kupimia kosa lake. Pasipo kanuni hapana kosa, ila hasara tu. Raia aliyedhulumiwa na mpima ardhi mwenye leseni ana jina, ana namba, ana mlango wa kubisha. Aliyedhulumiwa na mtu wa kivulini ana kilio peke yake. Mlango ulio mgumu kufunguka ni bora kuliko ukuta.

Sasa turudi kwenye jambo nililokuomba ulishike moyoni. Katiba ya mwaka 2010 iliamuru kwamba mtu asiye raia hawezi kushika ardhi ya Kenya kwa zaidi ya miaka 99, na miaka 999 iliyotolewa zamani ikakatwa. Katiba hiyo hiyo ilizaa Tume ya Taifa ya Ardhi, iliyopewa kazi ya kuchunguza dhuluma za kihistoria. Wakipsigis na Watalai wakapeleka malalamiko yao. Katika uamuzi uliotangazwa mwaka 2019, Tume ilipendekeza, pamoja na mengine, kwamba mashamba ya chai yapimwe upya, ili ijulikane kama ekari zinazoshikwa zinazidi zile zilizoandikwa, na ziada ishikwe kwa faida ya wenyeji. Makampuni yaliupinga uamuzi huo mahakamani.

Tafakari jambo hilo kwa makini. Mnyororo ulioleta kilio ndio unaoitwa urudi kutafuta haki. Watu wa Kericho hawakusema kwamba upimaji ni uovu. Walisema, pimeni tena, nasi tuone. Wameomba mpima ardhi atakayepima bila kuangalia anayemlipa ni nani. Mtu huyo atatoka wapi? Hawezi kutolewa na sheria peke yake, kwa maana hata mwaka 1915 palikuwa na sheria. Hawezi kutolewa na chama peke yake, kwa maana chama hulinda kipimo kiwe sahihi, nacho hakiulizi daima kama kinachopimwa kilipatikana kwa haki. Atatoka mahali ambapo sheria ni ya haki, chama hakiwaogopi wakubwa, na moyo wa mtu mwenyewe unakumbuka kwamba kila mstari autiao katika karatasi utapita juu ya nyumba ya mtu.

Msomaji kijana, huenda wewe unayesoma kurasa hizi utakuwa mpima ardhi, au mthamini, au wakala. Nchi ya chai itawahitaji watu hao kwa miaka mingi, kwa kuwa vishamba vinazidi kugawanywa kila baba anapofariki, na miji ya Kericho, Litein, Sotik na Bomet inazidi kuila michai iliyo pembeni yake. Siku utakapotia sahihi yako ya kwanza chini ya ramani, wazee wa chama chako watakuwa mbali, na bodi itakuwa Nairobi. Karibu nawe atakuwapo mzee mmoja aliyeegemea ua, asiyejua kusoma ulichokiandika, akikutazama usoni. Kokwet ya zamani ilimlazimisha shahidi wa mpaka kuwa mwaminifu kwa kumkalisha karibu na mpaka. Ujuzi wa leo humruhusu shahidi kukaa mbali. Vyama viliundwa ili vifupishe umbali huo, navyo vimefaulu mahali pengine na kushindwa mahali pengine. Sehemu ya umbali itakayobaki ni juu yako kuifupisha: ipime ardhi ya mzee yule kana kwamba utakaa jirani yake maisha yako yote.